Mzigo Unaoliwa Njiani

Historia za njaa katika Tanganyika ya kale huanza na mvua: mvua ilikosa, mtama ukakauka, watu wakafa. Ni kweli, ila haitoshi. Ukame haukupiga kila mahali kwa pamoja, na nchi moja ilipokauka, nyingine iliweza kuwa na nafaka ghalani. Kilichokosekana kati yao ni nguvu ya kuisafirisha. Kule bara, kabla ya reli, nguvu hiyo ilikuwa misuli ya mpagazi, na misuli hiyo iliendeshwa na nafaka ileile.

Hesabu yake si ngumu. Mpagazi wa njia ya Bagamoyo hadi Tabora alibeba frasila 2 hivi, yaani takriban kilo 32, na posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, tuseme gramu 700. Tumtwike mtama badala ya pembe za ndovu, naye ale kutoka mzigoni. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, atakuwa amekula kilo 14, na mwenye njaa atapata 18. Akienda siku 20 na kurudi 20, zitabaki kilo 4 tu. Na safari ya kufika Tabora na mizigo ilichukua miezi miwili au mitatu. Pembe ilistahimili gharama hiyo kwa sababu thamani yake ilikuwa kubwa ikilinganishwa na uzito wake, lakini mtama haukuistahimili. Kwa hiyo misafara ilinunua chakula kijiji kwa kijiji. Ilipomaliza kuvuka pori lisilo na maji la Marenga Mkali kwa tirikeza, yaani mwendo wa alasiri wa kulala njiani bila maji, iliwategemea Wagogo kwa maji na nafaka, na nchi yao ya Ugogo ilipokauka, biashara yote ya njia ile ilitetereka.

Mtu atauliza, mbona hawakutumia wanyama? Walijaribu. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka Saadani na mikokoteni ya maksai kuelekea Mpwapwa, na maksai wakafa njiani; mbung'o walitawala sehemu kubwa ya njia. Mwingine atataja Malindi, ambako katika karne ya 19 mtama uliolimwa na watumwa ulipelekwa Zanzibar na hata Arabuni. Lakini mtama huo ulipakiwa jahazini. Upepo hauli posho, na ndiyo sababu nafaka ya pwani ilivuka bahari huku ya bara ikishindwa kuvuka pori.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Sasa moto wa boila ulichukua nafasi ya kibaba. Hata hivyo njaa kubwa ya Mtunya iliwaua Wagogo kwa maelfu kati ya 1917 na 1920, ingawa reli ilikuwa imepita katikati ya nchi yao. Je, hoja inaanguka? Mimi naona inapata nguvu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka na ng'ombe wa Ugogo kabla mvua hazijakosa. Vita vilipohamia kusini, mbali na reli, chakula cha askari kilirudi vichwani mwa wapagazi, na kila hatua ya kuelekea Rufiji na Ruvuma ilidai wapagazi wengine wa kuwabebea unga wapagazi wa mbele. Wanaume walichukuliwa kwa nguvu kutoka mashambani, wengi wasirudi. Ugogo ikatozwa mara mbili: chakula chenyewe, na mikono ambayo ingelima kingine. Ukame wa 1918 na 1919 uliikuta nchi ambayo akiba yake ilikwisha kutumiwa kama nishati ya vita vya watu wengine.