Huyu naye amepitia njia gani?

Wengi wenu mmeandika juu ya sherehe ya tarehe 20 Januari 2024. Wengine mmefurahi, wengine mmegombana kabisa. Mimi nilisoma mambo ya mashamba, sikusoma historia. Lakini nimezaliwa Sange, na kwetu Sange historia inapita mbele ya mlango, kwenye ile RN5 inayotoka Uvira kwenda Bukavu. Mniruhusu niseme kidogo.

Nianzie kwenye uwanja. Jumamosi ile Félix Tshisekedi aliapa mara ya pili ndani ya Stade des Martyrs, Kinshasa. Wakati wa Mobutu uwanja ule uliitwa Kamanyola. Ndiyo, Kamanyola yetu hii, pale kamiyo zinapumzika mbele ya kupanda Ngomo. Mwaka 1964 waasi walikamata Uvira mwezi wa 5, na vijana wengi wa bonde la Ruzizi walikuwa nyuma ya Musa Marandura. Mobutu, aliyekuwa mkubwa wa jeshi, alifika Kamanyola. Vita ya pale aliigeuza hadithi kubwa ya ushujaa wake: akaita jina hilo divizio ya jeshi, kisha uwanja. Tarehe 24 Novemba 1965 akakamata inchi yote, akaishika miaka 32 hivi.

Koko wangu mwanaume alikuwa kijana wa miaka 16 wakati ule. Yeye hasemi kama Mobutu alichukua utawala Kinshasa. Anasema: “Ule alipitia Kamanyola.” Kwa koko, kila prezida anajulikana kwa njia aliyopitia, na siku zote anauliza kwanza nani alikimbia siku ile na nani hakurudi. Nilipokuwa iniversite niliona ni mawazo ya mzee ambaye hakusoma. Sasa sina hakika tena.

Maana Kabila baba naye alipitia kwetu. Lemera iko juu ya milima, ukisimama Sange unaitazama upande wa mangaribi. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa kwenye vitanda, na wauguzi pia. Mwezi ule ule, makubaliano yaliyozaa AFDL yakapewa jina la Lemera. Mwisho wa mwezi ule Uvira ikaanguka. Mobutu alikuwa Ulaya anatibiwa kansa. Mimi nilikuwa na miezi saba, mama alinibeba mgongoni usiku. Sikumbuki kitu, lakini nyumbani hiyo hadithi nimeisikia mara nyingi hata naona kama ninaikumbuka.

Sasa, vijana wa leo wanafikiri batu walichukia tu. Hapana. Tarehe 17 Mei 1997, AFDL ilipoingia Kinshasa, huku batu walicheza. Mama mwenyewe alicheza, na alikuwa amezika. Sababu kubwa ilikuwa Mobutu kuondoka, lakini kulikuwa na nyingine ambayo sijaiona ikiandikwa sana: kwa mara ya kwanza prezida alisema Kiswahili. Miaka yote askari alikuamuru kwa Lingala, na kama hujui Lingala, unalipa. Na huyu Laurent-Désiré Kabila hakuwa mgeni, alikuwa amekaa na maki yake kule Fizi tangu 1967. Batu wakasema, huyu anajua njaa yetu, anajua hata majina ya vijiji vyetu.

Tarehe 2 Agosti 1998 vita ikaanza upya. Mnajua yaliyofuata. Tarehe 16 Januari 2001 akapigwa risasi, siku kumi baadaye mtoto wake Joseph akaapa akiwa na miaka 29. Miaka 29! Mimi nina 27 na ninashindwa kupata deni la kununua mbegu. Mwaka 2006 Kivu ilimpa Joseph kura nyingi sana, sababu alionekana kama mutu aliyemaliza vita. Kisha matumaini yalipungua polepole, kama maji kwenye mfereji ambao hakuna anayeuchimba. Tarehe 30 Juni 2010 Kinshasa ilisherehekea miaka 50 ya uhuru. Siku mbili nyuma yake kamiyo ya mafuta ilianguka hapa Sange, ikalipuka, batu zaidi ya 230 wakateketea. Wengi walikuwa ndani ya nyumba za sinema wakitazama Kombe la Dunia. Nilikuwa na miaka 14. Sitaandika zaidi juu ya siku ile.

Njo tufike mwaka 2019, maana hapo ndipo tunagombana.

Kura ya tarehe 30 Desemba 2018 tuliipiga kwa mashine. Kesho yake intaneti ikakatwa, ikakaa imekatwa siku karibu 20. Tulisikiliza redio kama wakati wa wazee wetu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Januari CENI ikatangaza: Tshisekedi 38,57%, Fayulu 34,83%, Shadary yuko nyuma. Maaskofu wa Katoliki, waliokuwa na waangalizi 40.000, wakasema hesabu hiyo haifanani na yale waliyoyakusanya. Beni, Butembo na Yumbi hawakupiga kura ya prezida hata kidogo, walisukumwa mpaka Machi wakati prezida ameisha kuapa. Mutu mwenye masomo angeweza kushangilia namna gani?

Mimi nilishangilia. Ninaungama hapa mbele yenu. Alhamisi tarehe 24 Januari nilikuwa nyumbani kwa koko, tulisikiliza pamoja. Pale Tshisekedi alipokatisha hotuba sababu ya kujisikia vibaya (walisema baadaye ni jile ya risasi iliyomkaza), koko akacheka kwanza. Kisha akauliza swali lake:

“Huyu naye amepitia njia gani?”

Nikamwambia: kwa kura, koko. Nikaongeza kwa haya kwamba kura zenyewe batu wanazitilia mashaka. Akanyamaza kidogo. “Basi leo hakuna aliyekimbia?” Nikasema hakuna. “Mama yako amelala nyumbani?” Amelala. “Basi,” akasema, na akazima redio apunguze kula betri.

Wenzangu wanaosema kwamba wizi wa kura ukikubaliwa mara moja utakuwa desturi, siwezi kuwajibu kwamba wanakosea. Hata FCC ya Kabila ilibaki na zaidi ya viti 300 kati ya 500 bungeni, na serikali ilichelewa mpaka mwisho wa Agosti. Lakini ninyi mnaotoka Kinshasa au Lubumbashi, mnapopima siku ile kwa hesabu ya CENI peke yake, mnasahau kipimo kingine. Tangu 1960 haikuwa imetokea prezida mmoja ampe mwingine kiti mkononi, wote wawili wakiwa wazima. Na katika bonde letu hakuna aliyebeba godoro kichwani siku ile.

Haikutosha, ninajua. Masomo ya msingi ya bure ya Septemba 2019 yalijaza madarasa mpaka watoto wakakaa chini. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichosimama wakati wa vita ya 1996, kinarudi katika mazungumzo kila kampanye. Desemba 2023 Tshisekedi alipata zaidi ya 73%, lakini waliopiga kura walikuwa kama 43 kwa mia ya walioandikwa. Mwanzo wa 2024 MONUSCO walikuwa wanajitayarisha kutoka Kivu ya Kusini, na nani atalinda barabara, kila mutu alikuwa na jibu lake.

Jumamosi ile nilikuwa juu ya moto na mfuko wa mpunga, narudi toka Luberizi. Kwenye bariyeri walituvutia kamba kama kawaida. Kijana aliyeshika kamba alikuwa anatazama sherehe kwa simu, uwanja umejaa. Nikamwambia uwanja ule uliitwa Kamanyola. Hakuamini. “Kamanyola ya hapa?” Nikamwambia ndiyo, ya hapa. Akatazama simu tena, akatazama barabara upande wa Luvungi.

Kisha akanidai faranga 500.