Cheti cha mwajiri: nani ashike muhuri?

Je, mwajiri binafsi anastahili kutoa cheti cha elimu kinachotambuliwa na taifa zima?

Swali hilo lilizua mjadala mkali nchini Uingereza mwezi Januari mwaka 2008, pale kampuni ya migahawa ya McDonald's, shirika la ndege la Flybe na kampuni ya njia za reli ya Network Rail ziliporuhusiwa kuwatunuku wafanyakazi wao vyeti vya namna hiyo.

Mjini Sydney, Australia, suala hilo lina historia ndefu zaidi. Na historia hiyo yaonyesha kwamba ubishi mkubwa si juu ya mahali mtu alipojifunzia kazi, bali juu ya nani anayeshika muhuri.

Karakana na darasa

Mwaka 1833 ilianzishwa mjini humo Sydney Mechanics' School of Arts, taasisi iliyowapa mafundi mihadhara na maktaba. Madarasa yake yalizaa chuo cha wafanyakazi mwaka 1878, na mwaka 1883 serikali ya koloni la New South Wales ikakitwaa. Ndicho kilichokuja kuwa Sydney Technical College, katika kitongoji cha Ultimo, ambacho ni mzizi wa vyuo vya serikali vya TAFE vya hivi leo.

Si mbali na hapo zilikuwapo karakana za reli za Eveleigh, zilizofanya kazi tangu miaka ya 1880 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Humo vizazi vya wanagenzi vilijifunza uhunzi na ufundi mitambo. Mwajiri alifundisha mikono. Nadharia ilikuwa kazi ya chuo, ambacho hakikuwa mali ya karakana.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, sheria ya mwaka 1946 iliunda kamati zilizowakutanisha wawakilishi wa waajiri na wa vyama vya wafanyakazi. Fundi aliyejifunza kazi jeshini, na baadaye mhamiaji aliyetoka ng'ambo, aliweza kupewa cheti cha ufundi bila kuanza upya uanagenzi.

Mwajiri awa mtahini

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1995, Australia ilipoanzisha mfumo mmoja wa kitaifa wa sifa za elimu. Kampuni iliyotimiza masharti iliweza kusajiliwa kuwa taasisi ya mafunzo. McDonald's, iliyofungua mgahawa wake wa kwanza nchini humo mwaka 1971 katika kitongoji cha Yagoona, Sydney, ilikuja kuwa miongoni mwa kampuni hizo.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Kijana aliyeacha shule mapema, lakini akaweza kusimamia zamu, fedha na usafi wa chakula, ana ujuzi wa kweli. Pasipo karatasi, ujuzi huo unaishia mlangoni anapobadili kazi.

Wapinzani nao hujibu kwamba mwajiri hufundisha yale tu yanayoifaa biashara yake. Aidha, kumfanya mwalimu, mtahini na mlipaji mshahara kuwa mtu mmoja ni sawa na kesi ya ngedere kumpa nyani aiamue.

Hofu hiyo si ya bure. Mpango wa mikopo ya mafunzo ya ufundi, uliotumiwa vibaya na baadhi ya vyuo binafsi, ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2016. Tangu mwaka 2024 msimamizi wa mafunzo wa Australia, ASQA, amefuta vyeti vya maelfu ya watu waliosoma katika vyuo vilivyokiuka taratibu. Hivyo vilikuwa vyuo, si waajiri. Lakini aliyeumia ni yule yule, yaani mwenye cheti.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Msikilizaji wa Afrika Mashariki anaijua hali hii. Mafundi wengi wa Gikomba au Gerezani walijifunza chini ya fundi mkuu, si chuoni. Kenya ina majaribio ya ufundi ya madaraja, na VETA ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini.

Hiyo ndiyo njia iliyo salama zaidi: mwajiri na afundishe, tena ashukuriwe kwa kufundisha. Lakini anayepima awe mwingine, asiyepata faida kwa kufaulu wala kufeli kwa mfanyakazi. Cheti ambacho mwajiri mwingine hawezi kukiamini ni barua ya shukrani tu.