Kitabu Kilichoichora Serengeti

Vitabu vya picha vinavyoandamana na filamu za kubuni za kisayansi vina uungwana mmoja: vinakiri. Kitabu cha michoro ya Star Wars kilichotoka mwaka 1979 kilimwonyesha msomaji kazi za Ralph McQuarrie, aliyeanza kumchorea George Lucas mwaka 1975, kabla hata kamera hazijawashwa. Mwaka huohuo wa 1979 H. R. Giger alichapisha michoro aliyoitengenezea filamu ya Alien. Ilipotoka Black Panther mwaka 2018, ikaja na kitabu chake cha sanaa, na wabunifu wake, Hannah Beachler wa mandhari na Ruth E. Carter wa mavazi, wameeleza hadharani kwamba Wakanda waliichota kwa Wamasai, Waturkana, Wahimba, Wabasotho na wengine wengi. Anayefungua vitabu hivyo haachiwi shaka: dunia aliyoiona imechorwa na watu wenye majina, kwa sababu zinazotajika, na michoro mingine ikatupwa. Mkoa wa Mara, wenye sehemu ya Serengeti, nao una kitabu chake cha filamu. Tofauti ni kwamba hicho hakikukiri chochote, na ndiyo maana mchoro wake umeaminiwa kwa zaidi ya miaka 60.

Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walifika Serengeti wakati serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikipanga upya mipaka ya hifadhi. Walitumia ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, wakahesabu wanyama wapatao 367,000, wakiwemo nyumbu kama 99,000. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi na Michael akafa. Filamu yao, yenye jina lisemalo kwamba Serengeti haipaswi kufa, ilitoka mwaka huo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi. Kitabu chenye jina hilohilo, kilichojaa picha, kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Kwa kuwatendea haki, si wao walioamua mipaka: mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na hifadhi kinyume cha matakwa yao, na Wamasai wakahamishiwa huko. Walichofanikiwa ni kikubwa zaidi ya mipaka. Waliijaza dunia taswira ya nchi iliyokuwa hivyo tangu kuumbwa, na kitabu kikatetea wazi kwamba ndani ya hifadhi ya taifa asiishi mtu, hata mwenyeji.

Historia ya upande wa magharibi, unaoshuka kutoka mbugani hadi Bunda na Ghuba ya Speke, inasema vingine. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikusanya masimulizi ya wazee wa Waikoma, Wanata, Waikizu, Waishenyi na Wangoreme, na kitabu chake cha mwaka 2007 kinaonyesha kwamba wazee hao waliyajua kwa majina mahame, visima na mahali pa mizimu ya koo zao palipobaki ndani ya hifadhi. Watu hao walilima mtama na ulezi, waliwinda, na walichoma nyasi kwa majira, wakaifanya nchi iwe wazi. Kisha miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Ikafuata njaa, ndui na uvamizi wa Wamasai. Watu wakapungua na wengi wakahama. Pasipo moto wala mifugo vichaka vikasonga, mbung'o wakaingia, na malale yakawafukuza waliosalia. Baadaye sheria za wakoloni zilikamilisha kazi hiyo kwa amri za kuhama. Kwa hiyo ukimya uliopigwa picha miaka ya 1950 haukuwa asili. Ulikuwa matokeo ya msiba wa miaka 60 iliyotangulia, na mpiga picha aliyekuja baada ya mazishi alidhani pale hapajawahi kuwa na mji.

Atakayepinga atasema kwamba bila filamu ile wanyama wangekwisha. Ni kweli kwamba iliamsha michango na shinikizo, na jumuiya ya wanyama ya Frankfurt ingali inaisaidia hifadhi hadi leo. Lakini tuitazame hesabu yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikadiriwa kuwa kama robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamefika milioni 1.3. Watafiti wanakubaliana kwamba chanzo kikuu ni kutoweka kwa sotoka, na sotoka ilitoweka baada ya ng'ombe wa wafugaji walioizunguka mbuga kuchanjwa. Mnyama mashuhuri wa Serengeti aliokolewa, kwa sehemu kubwa, kupitia zizi la jirani ambaye picha ilimweka nje ya fremu. Uhifadhi haukuhitaji nchi isiyo na watu ili ufaulu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama na Mzanaki mwenye udugu wa karibu wa lugha na mila na Waikizu, aliipokea hifadhi na kuapa katika tamko la Arusha la mwaka 1961 kuilinda. Je, hilo halionyeshi kwamba wenyeji wenyewe waliridhia? Linaonyesha kwamba taifa changa lilihitaji fedha za watalii na heshima ya dunia, na kwamba lilipokea pamoja na wanyama taswira iliyokwisha kuuzwa Ulaya. Kuridhia kulinda wanyama si kuridhia kufutwa kwa kumbukumbu ya waliokuwa nao. Jambo hilo halijapitwa na wakati: huko Bunda wakazi wa Nyatwali, kando ya ghuba, waliambiwa wapishe hifadhi ifike ziwani. Fidia yao ilijadiliwa kwa ekari na mazao, wala si rahisi kudai historia ambayo vitabu vinavyosomwa na wageni havina.

Ndipo somo la vitabu vya filamu za kubuni linapofaa. Kitabu cha sanaa ya Wakanda kinaweza kubishiwa na Mturkana, kwa kuwa wabunifu wamesema walichukua nini na kwa nani. Serengeti ya Grzimek haibishiki kirahisi, kwa kuwa imejitambulisha kama nchi yenyewe. Dawa si kukichoma kitabu chake. Ni kukiwekea mwenzake. Malighafi ipo: historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini zilichapwa mwaka 2003 katika mkusanyiko uliohaririwa na Shetler. Kinachokosekana ni kitabu cha picha cha Kiswahili, chenye ramani za mahame, mwaka wa sotoka, mwaka wa chanjo na miaka ya amri za kuhama, kinachouzwa Musoma mjini na katika lango la Ndabaka, ili mgeni anayeingia kutazama nyumbu ajue kwamba mandhari iliyo mbele yake nayo ilitengenezwa, na ni akina nani walioitengeneza.