Betri ya droni haitunzwi kama betri ya sola

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi waliozoea umeme wa jua wanalijua somo moja la betri: usiiache tupu, na kila inapowezekana ijaze. Somo hilo ni sahihi kwa betri za risasi na asidi, zile nzito zinazotumika pia kwenye magari. Kwa betri ya droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, kuijaza na kuiweka ni kosa linaloweza kumgharimu mwenye chombo fedha nyingi, au hata nyumba.

Mpale, wilayani Korogwe, mkoani Tanga, ni mahali ambapo tofauti hiyo inafaa kufahamika. Kijiji hicho cha milimani kilijengewa na kampuni ya Ensol mtambo wa umeme wa jua wa kilowati 48, na wakazi wake si wageni wa betri. Mpima ardhi au mpiga picha anayekwenda na droni sehemu kama hiyo hulazimika kubeba betri kadhaa, kwa kuwa moja huirusha kwa takriban nusu saa tu.

Droni nyingi hutumia betri za lithiamu. Kwa kawaida, seli moja ikijaa hufikia volti 4.2. Ikikaa hivyo kwa wiki kadhaa, hasa penye joto, kemikali zake huharibika, gesi hujikusanya na betri huvimba. Ikiachwa ishuke chini ya volti 3, nayo hudhurika, na kuichaji tena huwa ni hatari.

Kwa hiyo, betri isiyotarajiwa kutumika kwa siku kadhaa ihifadhiwe ikiwa na takriban nusu ya chaji, yaani karibu volti 3.8 kwa kila seli. Itolewe ndani ya droni na iwekwe mahali pakavu pasipo na joto, mbali na jua, jiko na vitu vinavyoshika moto haraka. Isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Kila baada ya miezi miwili au mitatu ikaguliwe na kuongezwa chaji ikiwa imepungua.

Baada ya droni kutua, betri iachwe ipoe kwanza. Ichajiwe kwa chaja yake, juu ya sakafu ya saruji, na mtu awepo karibu. Iliyovimba, kupasuka au kuanguka kwa kishindo isitumike tena wala kutobolewa. Iwekwe nje, ndani ya chombo chenye mchanga mkavu, na isichanganywe na taka za nyumbani.

Wasafiri wa ndege nao wana masharti yao. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS ilianguka Dubai baada ya kuwaka moto ikiwa angani, na marubani wake wawili walifariki dunia. Wachunguzi waliuhusisha moto huo na shehena yenye betri za lithiamu.

Ndiyo maana betri za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mizigo inayokabidhiwa, na ncha zake za umeme zikiwa zimefunikwa. Inayozidi wati-saa 100 huhitaji kibali cha shirika la ndege. Inayozidi 160 hairuhusiwi kwa abiria. Kiwango hicho huandikwa kwenye betri yenyewe, na ni vyema kukisoma kabla ya kufunga safari.