Boti za Ziwa Kivu: tangu vakansi hadi kukimbia

Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko. Hiyo ni sababu moja Wabelgiji walilipenda. Katika miaka ya 1950 wazungu walikuja huku kutafuta baridi, kwenye urefu wa mita karibu 1,460 juu ya bahari. Goma walikuwa na Hôtel des Grands Lacs, na mbele yao boti, maji na milima. Mkongomani wa wakati ule alihitaji karatasi ya ruhusa hata kuhama eneo lake. Vakansi ya majini haikuwa yake.

Baada ya uhuru boti zikawa za watu wote. Aliyesafiri kwenda Bukavu anajua: boti za mbio hufika kwa masaa machache, zile kubwa zilikuwa zikitembea usiku, na abiria huona kisiwa cha Idjwi kikipita polepole. Raha nayo haikuisha. Hata miaka ya karibuni, wageni wa Hifadhi ya Virunga walivushwa kutoka Goma hadi Tchegera, kisiwa chenye umbo la mwezi mchanga, wakalala kwenye hema na kutazama Nyiragongo ikiwaka usiku.

Lakini mlima huohuo ndio uliowafundisha wakaaji wa Goma matumizi mengine ya boti. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa volkano ulipita katikati ya mji hadi ziwani. Ulitoka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye gavana akaamuru mitaa kumi ihamwe. Wengine walikimbilia Sake, wengine Rwanda, na bandarini familia zilisukumana na magodoro na watoto ili kupata nafasi ya kwenda Bukavu.

Halafu vita. Tangu Februari 2024, mapigano kandokando ya Sake yalifunga barabara ya Minova. Maharagwe, ndizi na watu, vyote vikaingia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wa sokoni wakitazama. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilibeba watu 278 na kwamba 78 walikufa. Hesabu zilizofuata zilitofautiana. Kusema tu kwamba ilijazwa kupita kiasi ni nusu ya habari. Abiria wale hawakuchagua boti mbaya wakiacha nzuri. Barabara ilikuwa imefungwa, na wengi walipanda bila jile ya kuokoa maisha.

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, hata njia hiyo ya maji kwenda Bukavu ilisimama. Mama aliyekuwa na watoto upande wa pili wa ziwa alibaki kuuliza bandarini kila asubuhi kama kuna boti.