Kupoza na Kugandisha: Istilahi Mbili za Nyama ya Nguruwe

Miongoni mwa maneno ambayo wataalamu wa vyakula wameyaazima jikoni wakayapa kazi ya istilahi, kugandisha ni neno la kutazamwa kwa hadhari, hususan na yule ambaye dini yake haikumharamishia nguruwe, naye hununua nyama hiyo, ambayo mitaani Tanzania bara huitwa kitimoto, kwa kusudi la kuiweka siku kadhaa. Kuganda, kwa maana yake ya asili, hakuhitaji barafu: maziwa huganda, damu huganda kidondani, na samli huganda asubuhi ya kipupwe, ilhali mtaalamu asemapo nyama imegandishwa hukusudia kwamba maji yaliyomo ndani yake yamekuwa barafu, na kwa friza ya nyumbani kipimo ni nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri.

Hitilafu hiyo ingewahusu wanaisimu peke yao lau si mafuta ya nguruwe. Yakikaa katika friji yenye nyuzi 4, huwa meupe na magumu, na mpishi akiyabonyeza kwa kidole hunena kwa yakini kuwa nyama imeganda. Kumbe akiigeuza ataona mnofu ungali laini, na majimaji mekundu yametuama sahanini. Nyama hiyo imepozwa tu. Vijidudu viiozeshavyo vimepunguza mwendo, havikusimama, na muda wake ni siku 3 hadi 5 ikiwa vipande, au siku 1 hadi 2 ikiwa ya kusaga.

Iliyogandishwa barabara, vijidudu vyake huacha kuzaana, ingawa havifi vyote. Kinachoendelea ni kuchacha kwa mafuta, na ya nguruwe huchacha upesi kuliko ya ng'ombe, ndipo ikapasa nyama ifungwe pasibaki hewa. Waama, mabuu ya tegu, yale malengelenge madogo meupe yafichamayo mnofuni, hufa kwa nyuzi 5 chini ya sifuri zikidumu siku 4, au nyuzi 15 kwa siku 3. Kupoza kwa siku chache hakuyaui. Hata hivyo nyama ambayo malengelenge hayo yaonekana wazi haifai kununuliwa, seuze kuwekwa.

Kwa hiyo naona ni kheri kupoza kuwe kwa friji na kugandisha kuwe kwa friza peke yake. Wapo wapendeleao kusema kutia barafu, nami siwafuati, kwa kuwa muuza samaki wa pwani humtilia barafu changu ambaye hakuganda hata kidogo.

Umeme ukikatika, tofauti ya istilahi hizi huhesabiwa kwa saa: friza iliyojaa, mlango wake usipofunguliwa, huhifadhi nyama kiasi cha saa 48, na iliyojaa nusu, saa 24, ilhali friji ni saa 4 tu.