Daftari la Jumuiya

Baba alifariki Jumatano. Alhamisi asubuhi nilikwenda ofisi ya parokia, na swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa: "Mzee alikuwa jumuiya gani?" Sikujua. Nilikuwa nimeishi mbali na nyumbani kwa miaka mingi, na hata nilipokuwepo, jumuiya kwangu ilikuwa makelele ya Jumamosi alfajiri, akina mama wakiimba uani kwa jirani wakati mimi nataka kulala. Ikaletwa kaunta buku yenye jalada lililochakaa. Jina la Baba lilikuwemo. Mbele ya jina, upande wa mahudhurio, palikuwa patupu kwa karibu miaka mitatu, na upande wa zaka vilevile. Miguu yake ilikuwa imevimba. Pia kulikuwa na ugomvi kuhusu mchango wa ujenzi. Sijui kipi kilitangulia. Nikaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba padre hatakuja kuzika.

Nimesoma historia chuoni, na hasira yangu huwa inakimbilia kutafuta tarehe. Nilitaka kujua ni nani aliyeleta lile daftari.

Bibi yangu mzaa Baba hakuwahi kuwa na daftari. Alibatizwa enzi za Misa ya Kilatini, padre akiwa amewapa watu mgongo, naye Bibi akisali rozari yake kimyakimya huku nyuma. Alituambia kwamba alijua wakati wa kupiga magoti kwa sababu ya kengele. Kushiriki, kwake, kulikuwa kufika.

Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati kuhusu liturujia iliyotaka kinyume cha hayo: waumini washiriki ibada kikamilifu, wakijua wanachofanya, kwa sauti zao na miili yao. Kwetu hati hiyo ilikuta watu waliokwisha kuanza. Mwaka huohuo padre wa Kitanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kilichochambua sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kiswahili kikapanda altareni, ngoma zikafuata. Wazee wengine walinuna, hasa kwa ngoma, maana walikuwa wamefundishwa utotoni kwamba ngoma ni mambo ya kipagani. Sasa mafundisho yaleyale yanawaambia wazipige?

Lakini kuimba peke yake hakukutatua tatizo kubwa zaidi. Mapadre walikuwa wachache na vigango vingi. Kwa miongo mingi makatekista ndio waliobeba Kanisa vijijini: kufundisha, kuongoza ibada ya Jumapili, kuzika. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, yaani wa Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia, walikutana Nairobi kupanga Kanisa la miaka ya 1980, wakaamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogondogo. Mwaka 1976 wakarudi Nairobi na jumuiya hizo zikawa mada yenyewe. Majirani wakutane nyumbani kwao, wasome Injili wenyewe, wajue nani ni mgonjwa na nani hana chakula.

Kongo ilikuwa imetangulia, na huko sababu ilikuwa kali zaidi. Serikali ya Mobutu ilipobana shughuli za Kanisa mwanzoni mwa miaka ya 1970, vikundi vidogo vya majumbani vilikuwa vigumu kuvifunga. Kardinali Malula wa Kinshasa alifika mahali pa kuwakabidhi parokia walei wenye wake na watoto, walioitwa bakambi. Ukiwaza muda mrefu kuhusu kushiriki, utafika hapo tu.

Tanzania ilikuwa na kielelezo chake mlangoni. Tangu miaka ya 1960 TANU ilikuwa na balozi wa nyumba kumi kumi, na mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitufanya sote wajamaa. Nyerere, Mkatoliki wa Misa ya kila siku, aliwaambia masista wa Maryknoll huko Marekani mwaka 1970 kwamba Kanisa lisilojiunga na wanyonge dhidi ya dhuluma litajifuta lenyewe. Sisemi maaskofu walimwiga balozi. Lakini muumini aliyezoea kukusanyika kwa balozi Jumatano hakuhitaji kuelezwa sana namna ya kukusanyika kwa jirani Jumamosi.

Kisha kuna zile hatua saba, ambazo nilizidharau bila kuzijua. Zilitengenezwa katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, na mapadre Fritz Lobinger na Oswald Hirmer. Mnasoma kifungu, kila mmoja anarudia neno lililomgusa, mnakaa kimya, kisha mnashirikishana. Hakuna mahubiri. Fikiria hilo katika uani wa miaka ya 1980: mama asiyewahi kuulizwa maoni yake kwenye mkutano wowote anasubiriwa na watu kumi na wanne ili aseme neno gani limemgusa. Anakosea kusoma, hakuna anayecheka. Baada ya mwaka ni katibu. Baada ya mitano ni mwenyekiti, na paroko anamsikiliza.

Na mwenyekiti ana sahihi. Hapo ndipo nilipolikuta daftari. Parokia ya mjini ina maelfu ya waumini. Padre atamjuaje anayeomba ndoa, au anayeleta mtoto kubatizwa? Anawauliza majirani. Ni utaratibu wa busara kuliko kumwachia karani aamue, nakiri hivyo. Ila barua ya jumuiya ikafanana na barua ya balozi: bila hiyo huhudumiwi. Kushiriki kulikoanza kama mwaliko kukawa rekodi, na aliyevimba miguu anaonekana kwenye rekodi sawasawa na aliyekataa.

Ijumaa jioni Mama Mwenyekiti alikuja msibani na wenzake wapatao ishirini, wamebeba sufuria, mchele na kuni. "Pole, mwanangu," alisema. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia daftari lake ndilo lililomnyima Baba padre. Alinyamaza, akakaa mkekani. "Daftari ni langu kweli," akasema. "Tulikuja hapa mara mbili alipoumwa. Ya tatu hatukuja. Hilo sikuliandika."

Jumamosi ndiye aliyemzika Baba. Alisimama kichwani mwa kaburi na kitabu cha sala kilichofunikwa gazeti, kanga ya jumuiya kiunoni, akaongoza litania, akarusha udongo wa kwanza, akatutaka tusali kwa ajili ya marehemu "na sisi tuliochoka njiani." Hilo la mwisho halimo kitabuni, nilikitazama baadaye. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu waliitikia hadi nje ya uzio wa makaburi.

Tulipokuwa tunanawa mikono alinifuata, daftari kwapani. Zamu ya wiki ijayo, alisema, kwa orodha ilivyo, ilikuwa nyumba ya Baba.

"Hatuna viti," nikamwambia.

"Mabenchi tutakuja nayo," akasema. "Wewe utasoma somo."

Nilimuuliza somo gani. Akafungua daftari kutafuta.